Nilivyouua Msumeno wa Shemeji kwa Jiwe

Nyie wenzangu mnaosoma, msinitafutie sababu. Kosa ni langu, la mikono yangu hii miwili na kichwa changu kilichokaa juu yake bila kazi. Jina sisemi. Mafundi baiskeli hapa Temeke tuko wengi, kisieni wenyewe!

Shemeji yangu, mume wa dada yangu Mwanahawa, aliuza shamba lake la minazi akanunua msumeno wa petroli, ule wa mnyororo unaonguruma. Mpya si mpya, aliuuza Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Lakini Pugu nzima, anakokaa, wenye misumeno ya namna hiyo walikuwa wawili tu, na shemeji mmojawapo. Siku hizo alitembea kifua mbele, hata salamu akiitikia polepole.

Akatokea mkandarasi wa mbao. Ana miti ya kuangusha nyuma ya vilima, kazi ya msimu mzima, na anataka msumeno mmoja. Akasema Jumamosi wenye misumeno wakate gogo mbele yake, atakayemaliza kwanza ndiye mwenye kazi.

Shemeji akanijia mbio. "Shemeji, huu wangu mzito kupumua. Huwezi kuufanya mwepesi?"

Naweza! Nilijibu kabla hajafunga mdomo. Nilikuwa nimesikia kwamba ukiyapanua matundu ya silinda, la kuingizia hewa na la kutolea moshi, injini inapumua vizuri na kukimbia. Kusikia tu, jamani! Kufanya sijawahi.

Chombo cha kusagia sikuwa nacho. Nikaenda kwa Mihayo, fundi wa karakana moja mjini. Yeye Mnyamwezi, mie Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wangu, na utani wetu hauna huruma. Mwaka uliotangulia alinituma Kariakoo nikaulize kopo la upepo wa akiba wa tairi. Nikaenda! Duka hadi duka! Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Mihayo akanipa waya wa mita ya mwendo uliotoka kwenye lori, ule unaozunguka ndani ya ganda lake, pamoja na vichwa viwili vya kufunga kwenye ncha. Kimoja ni tupa ndogo ya duara, ya chuma, nyembamba kama kidole cha mtoto. Kingine ni jiwe la kusagia, nene, jekundu, linapendeza kulitazama tu.

"Jiwe usiliguse," akasema. "Hilo la kunolea patasi. Ndani ya tundu litarukaruka na kumwaga mchanga. Tumia tupa, kidogo kidogo. Na tundu usilipanue ubavuni. Ringi ya pistoni inapita hapo. Tundu likiwa pana, ringi itatoa kichwa nje kama mtu anayechungulia dirishani, ikirudi inakatika. Ukimaliza, lainisha kingo zote kwa msasa."

Nikamtazama usoni. Hacheki! Nikasema moyoni, ahaa, leo Mnyamwezi kaongeza ufundi. Anataka nisuguesugue na kitupa chake mpaka Jumamosi ipite, aje kunicheka. Anifanye mjinga mara mbili? Thubutu!

Basi nikachagua jiwe. Wallahi, nililichagua kwa sababu yeye alilikataza.

Tukaisimamisha baiskeli kwenye stendi, gurudumu la nyuma likining'inia, nikafunga waya wangu hapo. Shemeji akapanda, akawa anakanyaga pedeli ili jiwe lizunguke. Dada akaleta uji, akatukuta mumewe anakanyaga kwa nguvu na haondoki.

"Mnakwenda wapi na hiyo baiskeli?"

"Tunakwenda kutajirika," shemeji akajibu, jasho linamchuruzika.

Salaala, jiwe lile lilikula chuma! Cheche, vumbi, raha tupu. Tundu la moshi nililikuta na upana wa kidole kimoja, nikaliacha na vidole viwili. Kingo sikulainisha, nani wa kuziona humo ndani? Silinda nikaifuta kwa kipande cha kanga kuukuu, nikafunga kila kitu, nikajipongeza.

Jumamosi Pugu ilijaa watu. Shemeji akavuta kamba, na msumeno ukalia sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Watoto walikimbia! Ukaingia kwenye gogo kama kisu kwenye muhogo uliochemshwa. Mwenzake alikuwa bado anahangaika na gome la mti, na mie nilikuwa nimeshaanza kupokea mikono ya pongezi.

Kraa!

Kimya. Shemeji akavuta kamba, haivutiki. Mwenzake akaendelea polepole, bila aibu, mpaka gogo lake likaanguka vipande viwili. Mkandarasi akampa kazi yake palepale. Sie hakututazama hata kidogo.

Nikaufungua msumeno nyuma ya banda. Ringi vipande vitatu. Pistoni imechimbika. Silinda imechanika michirizi, na mchanga mwekundu umo. Kama alivyosema Mihayo, neno kwa neno!

Sasa sikilizeni, maana ungamo lenyewe ndilo hili. Shemeji aliniuliza, "Nini, shemeji?" Na mie, masikini ya Mungu, nikamwambia, "Oili. Hukuchanganya oili ya kutosha kwenye petroli."

Akaniamini! Akamwendea dada, akasimama mbele yake mikono nyuma, akasema, "Mke wangu, nisamehe, minazi yetu nimeiteketeza kwa uzembe wangu." Dada akalia. Kisha shemeji akanigeukia na mie kuniomba radhi kwa kuniharibia kazi yangu nzuri. Nikamwambia yameisha. Ndiyo, nilimsamehe!

Akarudia kupasua mbao kwa msumeno wa watu wawili, ule ambao gogo hulazwa juu ya shimo, mmoja akasimama juu na mwingine akawa chini. Hakuwa na wa kuvuta naye. Nikajitolea kusimama chini, kwenye kula vumbi. Majirani wakanisifu, eti shemeji wa aina yangu hapatikani. Kila sifa iliniwasha kuliko upupu.

Ndipo Mihayo akaja kudai waya wake. Akaiona silinda pembeni ya banda, akaiokota, akapitisha kidole kwenye lile tundu. Nikajiweka tayari. Nikajua leo nitatukanwa mie na ukoo mzima, na nilitamani iwe hivyo.

"Pole, mtani," akasema.

"Nitukane, Mihayo."

"Nitakutukana ukishamwambia mwenye mali. Kwa sasa huna hadhi hiyo."

Yarabi! Tangu nizaliwe sijapata tusi zito kama lile.

Kesho yake, nikiwa shimoni, vumbi machoni, nikasema kwa sauti, "Shemeji, oili yako ilikuwa sawa. Ni mie. Nilitumia jiwe nililokatazwa, nikakudanganya."

Msumeno ukasimama. Kutoka chini niliona nyayo zake tu, haziendi mbele wala nyuma. Nilingoja ashuke anipige, na nisingemzuia.

"Dada yako umemwambia?"

"Bado."

"Jioni utamwambia wewe. Mie nimeshaomba radhi ya kutosha." Akaushika tena mpini. "Haya, vuta."

Nikavuta.

Nyie mafundi wenzangu, mtani akikushauri bila kucheka, weka chombo chini umsikilize. Jiwe liacheni kwenye patasi. Na ukiharibu mali ya mtu, mwambie siku hiyohiyo, maana mie nimeona sura ya mtu mzima akiniomba msamaha kwa kosa langu, na kila ninapomtazama shemeji ndiyo hiyo ninayoiona.