Siku Mholanzi Alipofika Ofisini

Nianze kwa kukiri, ili mkinicheka nami niwe nimeshajicheka: mimi Prisca, karani wa chama cha wakulima wa kahawa (jina la chama naliacha, wenyewe wanajijua), nilijisifu mtandaoni kwa jina la mtu mwingine, nikajisifu kazi, nikajisifu sauti, kuna siku nikajisifu hata upole, halafu nikaumbuka mchana kweupe mbele ya mkutano mkuu mzima nikiwa nimevaa gauni jipya la mikono ya puto. Aibu niliipata, sikatai. Lakini ndani ya mkasa huu kuna jambo moja ambalo sitaliombea radhi kwa mtu yeyote, hata niitwe na paroko, na mkinisikiliza mtalijua.

Chama chetu kiko huku milimani, upande wa Maguu, na kina mtambo wa kumenya kahawa mbivu, uliojengwa juu kidogo ya kijito. Msimu ukianza, maji yaliyotumika kumenyea kahawa, mazito, ya rangi ya udongo, yenye harufu inayokufuata mpaka kanisani, yanaachiwa yateremke humohumo kijitoni, na chini ya kijito wanakaa watu. Nawajua hao watu kwa sababu mimi ni mmoja wao. Kwetu ni Liuli, mtoto wa ziwani kabisa, huku juu nilipandishwa na kazi, nikapanga chumba hapo chini ya mtambo kwa Mama Kinunda, mjane na kiongozi wa jumuiya yetu, na kila msimu tulikuwa tunabeba ndoo kwenda chemchemi ya mbali wakati maji yanapita hapo mlangoni. Watoto wa jirani walijikuna mpaka wakatoka vidonda. Nililisema hili ofisini kwa Mwenyekiti wetu, Mzee Ndunguru, kwa adabu zote, nikaanza na shikamoo, naye akasema marahaba, Prisca, wewe andika barua unazopewa.

Sasa kuna Mwalimu Hyera, anafundisha hesabu sekondari, ndiye aliyekitengenezea chama tovuti, na humo akaweka ukurasa wa maoni. Ukiandika unajipa jina lolote, ila tovuti yenyewe inaangalia mtandao unaotumia na kuandika pembeni uko wapi (Mwalimu alijivunia sana hilo, alikuwa anatuonyesha, mnaona, huyu yuko Dodoma!). Na waifai ya ofisi yetu aliipa jina lake kabisa: ukiandika kwa kutumia ile, pembeni panatokea "Ofisi ya Chama", ili wanachama wajue kwamba hayo ndiyo majibu rasmi.

Mimi simuni nilikuwa na VPN, niliwekewa na binamu yangu wa Songea, ile programu inayopitisha mambo yako nchi nyingine kwanza, basi tovuti inadhani uko huko. Yangu ilikuwa ya bure, nchi za kuchagua zilikuwa chache, nikabonyeza Uholanzi kwa sababu ndiyo iliyokuwa juu kwenye orodha (Uholanzi siijui, msiniulize). Nikajiita Mzalendo wa Mbali, nikaandika habari ya kijito, yaleyale niliyomwambia Mwenyekiti, sikuongeza hata nukta. Pembeni pakatokea: Uholanzi.

Jamani, kumbe neno likitoka Ulaya linakuwa na uzito! Yaleyale ambayo karani alinyamazishwa, sasa yanasomwa stendi, yanasomwa kilabuni, watu wakinywa wanaulizana Mholanzi kasemaje leo, na kila mtu akajua ni nani. Wengine wakasema ni mtoto wa Mbuji aliyesomeshwa na mapadre, wengine wakasema hapana, ni wa Kitai, wazazi wake walikuwa na duka pale barabarani, na bibi mmoja akakumbuka hata alivyokuwa mlafi wa maharage utotoni. Mama Kinunda akamwingiza kwenye maombi ya jumuiya. Kila Alhamisi, "Tumwombee kijana wetu aliyeko Uholanzi, baridi ya huko isimdhuru," na mimi nimepiga magoti hapohapo pembeni yake, naitikia "twakuomba utusikie" kwa sauti kuliko wote.

Na mimi ni mtu, jamani. Nikaona mwenzangu anapata sifa hizo zote wakati kazi nafanya mimi, nikaanza kumchomekea maneno kidogo. Kwanza akaandika kwamba yule karani, Prisca, ndiye peke yake anayejibu barua kwa wakati. Halafu akaandika kwamba alipokuja likizo alimsikia huyo karani akiimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, na sauti kama ile hata Ulaya ni adimu. Naona mnacheka. Haya, chekeni, lakini mniambie miaka sita niliyokaa pale ni nani aliwahi kunisifu, maana mimi simkumbuki.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo la kushangaza. VPN ile ina swichi ndani yake: ukiiwasha, VPN ikikatika tu, nayo inazima intaneti yote ya simu mpaka VPN irudi, ili usije ukaonekana ulipo hata kwa dakika moja. Binamu aliiwasha siku ileile na kuniambia Prisca, hii usiiguse. Lakini wiki ya mkutano mkuu nilikuwa kwa fundi cherehani, namwonyesha video ya mshono ninaoutaka, na mtandao wetu huku kwenye ukungu mnaujua, VPN inakatika, swichi inakata intaneti, video inasimama, fundi ananiangalia na mkasi mkononi. Mara ya nne nikaona huu ni upuuzi, nikaizima. Video ikaenda vizuri, mikono ikatoka kama nilivyotaka, na swichi nikaisahau.

Siku ya mkutano tulikaa kwenye ghala la chama, ukuta mmoja na ofisi, magunia yamesukumwa nyuma, shuka jeupe limetundikwa mbele kwa ajili ya projekta. Mimi nilikuwa meza ya mbele naandika muhtasari, simu iko mapajani. Tukafika ajenda ya mtambo, Mwenyekiti akasimama akasema maji yale hayana tatizo lolote, kwamba kuna mtu amekaa Ulaya anakula siagi na kuchafua jina la chama. Watu wakaguna. Mwalimu Hyera (sijui alikuwa na nia gani, lakini uso wake ulikuwa na furaha) akafungua ukurasa wa maoni pale kwenye shuka, akasema hebu tuone kama mwenyewe yuko nasi leo.

Watu wakapiga makofi, na mimi makofi yakanipanda kichwani. Nikaandika chini ya meza: "Mwenyekiti, mashimo ya kutuliza maji machafu mliyoahidi msimu uliopita yako wapi?" Ikatokea ukutani kubwa, Mzalendo wa Mbali, Uholanzi, ghala likalipuka, kina mama wa kule chini wakasimama, Mwenyekiti akatafuta maji ya kunywa. Ningeishia hapo leo nisingekuwa na cha kuwasimulia. Lakini nikanogewa, nikaandika la pili, na hili nalikumbuka kila herufi: "Kama Mwenyekiti hajui, amuulize karani Prisca, ndiye mtu makini kuliko wote katika chama hicho." Nikatuma. Waifai ilikuwa imeyumba sekunde chache nyuma, VPN ikawa imekatika, swichi niliizima mwenyewe, na maneno yakapita moja kwa moja.

Ukutani pakatokea: Mzalendo wa Mbali, Ofisi ya Chama.

Mwalimu Hyera akasogea akasoma, akavua miwani, akasoma tena. "Ajabu," akasema. "Huyu mtu sasa hivi yuko hapa ofisini."

Mimi nilijua nimekwisha. Lakini Mama Kinunda hakuelewa hivyo, yeye alielewa jambo zuri kuliko hilo. Aliruka na kigelegele ambacho sijawahi kukisikia hata kwenye upadirisho, "Amefika! Mtoto wetu amefika! Kaja kimyakimya kutushtukiza!" na kabla sijafungua mdomo ghala zima lilikuwa limesimama, kwaya ikaanza wimbo wa kupokea wageni (sauti ya kwanza ilipwaya, maana mimi ninayeiongoza nilikuwa nimekaa kama gogo), wanaume wakatoka nje kutafuta gari lililomleta, mama mmoja akavua kitenge chake akakitandika mbele ya mlango wa ofisi ili mgeni asikanyage vumbi. Mgeni huku kwetu haachwi mlangoni. Wakagonga, hodi, hodi baba, kimya.

"Prisca," Mama Kinunda akaniita, "njoo na funguo, mwanangu, usimfungie mgeni ndani!"

Nilitembea kwenye kile kitenge. Mimi ndiye niliyekikanyaga, peke yangu, wimbo unaendelea. Nikafungua. Ndani mlikuwa na meza, sweta langu kwenye kiti, na sahani ya mihogo niliyoibakiza asubuhi.

Wimbo ukafa sauti moja moja, ya nne ndiyo ikamalizia. Wakaangalia nyuma ya kabati (kweli, waliangalia nyuma ya kabati). Ndipo Mwalimu Hyera, ambaye hesabu haimtoki hata kwenye msiba, akasema taratibu kwamba paswadi ya waifai ya ofisi wanayo watu wawili tu, Mwenyekiti na karani. Mwenyekiti akatoa mfukoni kiswaswadu chake, kisimu cha vitufe kisichoingia intaneti, akakiinua juu wote wakione. Halafu wakaniangalia mimi, na simu yangu mkononi inawaka.

Mwenyekiti alifurahi, sijawahi kumwona akifurahi vile. Aliturudisha wote ghalani akaamuru Mwalimu asome maoni yote ya Mholanzi, moja baada ya jingine, na Mwalimu akasoma, sauti imepooza, akafika kwenye barua, akafika kwenye kwaya, akafika kwenye upole. Watu walicheka mpaka wengine wakakalia magunia. Nilitamani ardhi ya Maguu ipasuke pale kwenye saruji inimeze mimi na maputo yangu.

"Mmemwona Mholanzi wenu," Mwenyekiti akasema. "Mwongo wa jina, mwongo wa nchi, anajipigia makofi mwenyewe. Basi na habari ya maji ni uongo uleule. Tufunge ajenda."

Na kweli watu wakaanza kuinua mikono ili ajenda ifungwe. Niliiona mikono ile ikipanda, nikawaona na kina mama wa kule chini wameinamisha vichwa, wameaibika kwa ajili yangu, na hapo ndipo aibu yangu ikageuka ikawa hasira, hasira ya kweli, mpaka masikio yakawa ya moto.

Nikasimama. "Mwenyekiti, naomba nafasi, na usiponipa nitaongea hivyohivyo. Uholanzi sijafika. Songea kwenyewe nimefika mara nne. Nilijisifu, ndiyo, na niliyoyasema juu ya kazi yangu ni kweli, nani abishe asimame. Jina nilidanganya. Nchi nilidanganya. Maji sikudanganya! Mimi nayaona kila siku ninapotoka mlangoni, wewe kwako ni juu ya mtambo. Nilikuja ofisini kwako kwa jina langu ukaniambia niandike barua. Nikaandika kwa jina la Mholanzi, mkasoma mpaka kilabuni. Sasa kati yangu na ninyi, nani aseme samahani kwanza?"

Mama Kinunda akainuka, na niliogopa kuliko nilivyomwogopa Mwenyekiti, kwa sababu huyu nilimdanganya akiwa magotini.

"Wewe Prisca," akasema, "nimekuombea miezi minane usipate baridi, na blanketi langu unalo wewe. Tutaongea nyumbani, na hutalipenda hilo neno." Kisha akamgeukia Mwenyekiti. "Lakini shemeji, mimi mtoto wa mwanangu ana vidonda, na hivyo vidonda havikutoka Uholanzi. Mashimo yako wapi?"

Mikono iliyokuwa juu ikashuka. Mtu wa nyuma akarudia, mashimo yako wapi, na mwingine, na mwingine, mpaka Mwenyekiti akalazimika kupigisha kura nyingine: mtambo usiwashwe msimu huu mpaka mashimo yachimbwe. Ikapita. Aliniambia, huku amebana meno, kwamba habari ya Mholanzi isiingie kwenye muhtasari. Niliiandika yote, kuanzia kigelegele mpaka mihogo, nikasaini majina yangu matatu.

Jumatatu yake nilipewa barua ya kupumzishwa kazi (niliichapa mwenyewe, hakuna mwingine anayejua kompyuta, na nilimsahihishia makosa matatu). Nikateremka Liuli nikatulize kichwa, nikidhani ziwani habari haijafika, mjomba akanipokea na mtungo wa samaki, mbasa watupu, akicheka, karibu mwanangu, za Ulaya? Wiki mbili nilivumilia. Mama Kinunda aliponipigia simu kwamba wanachama wameanza kuchimba mashimo na mimi nakaa huko nakula samaki, nilipanda gari la kwanza.

Swichi nimeiwasha, na sitaizima tena hata kwa mshono wa harusi yangu mwenyewe, maana mambo yangu mengine bado ni ya kwangu na hayamhusu mtu. Nanyi kama mna VPN simuni, swichi yake iwasheni leo, msisubiri kukanyaga kitenge. Lakini habari ya kijito sasa naiandika kwa jina langu, Prisca, na wapo wanaolalamika kwamba Mholanzi aliandika vizuri zaidi. Walalamike. Asiyependa ninachoandika asihangaike kutafuta niko wapi: ofisi sina tena, nakaa nyumba ya tatu chini ya mtambo, na mtambo ukiwa bado umezimwa nachota maji ya kijito kilekile na kupikia chai. Aje mchana, nitammiminia kikombe, na hatatoka kabla hajakimaliza.