Damu ya Upande Gani

Miaka ile ya mkataba wa amani, sisi tuliorudi Juba kutoka Kenya tulikuwa na haraka ya kila kitu: kujenga, kuoana, kuzaa. Posa yangu ilikuwa imekwisha kupokewa nilipotokwa na madoa mekundu miguuni, madogo kama punje za mtama, na fizi zikawa zinavuja damu. Vipimo vilionyesha kwamba chembe zinazogandisha damu zilikuwa zimepungua mno.

Shangazi wa mchumba wangu alifika kwetu Hai Malakal, akaketi, akakataa chai.

"Ugonjwa wa damu hurithiwa. Huu umetoka upande gani?"

"Si kwetu," mama alisema upesi. "Kwetu tunazeeka hadi tunachosha watu."

Baba mkubwa, aliyekuwa akisinzia, aliamka. "Na kwetu je? Baba yangu alichomwa mkuki, jeraha likafunga kabla hajafika nyumbani!"

"Basi umetoka kwa nani? Kwa jirani?" shangazi aliuliza.

Walibishana alasiri nzima, kila upande ukiwasifu wafu wake. Nilicheka, ingawa nilijua kwamba damu ya ukoo wetu ikionekana mbovu, hakuna arusi.

Hatimaye wote walinifuata kwa daktari wangu, Mganda mpole mwenye zahanati karibu na soko la Jebel. Alieleza kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, ilikuwa imezidhania chembe zangu kuwa adui. Ilizitia alama, kisha bandama ikaziharibu. Huenda ilichochewa na homa niliyougua awali, lakini mara nyingi chanzo hakijulikani. Kwa kawaida ugonjwa huu haurithiwi, wala hauambukizi.

"Yaani mlinzi hamtambui mwenye nyumba?" shangazi aliuliza.

"Ndivyo, mama."

"Kama yule askari aliyemwita mpwa wangu Mkenya, hapahapa Juba! Kwa hiyo hatuna wa kumlaumu?"

"Hamna."

Alionekana kana kwamba amenyang'anywa kitu. "Khalas. Twendeni, nikanywe ile chai."

Vidonge vya daktari vilizipandisha chembe na kunivimbisha mashavu. Siku ya arusi shangazi alinishika shavu mbele ya wageni.

"Mnaona? Ukoo wetu unajua kulisha!"

"Mashavu hayo ni ya kwetu," mama alidakia.

"Ya kwetu!" baba mkubwa akaapa.

Daktari, tuliyekuwa tumemwalika, aliendelea kuitazama sahani yake.