Mkwe Aliyengoja Msimu Uishe

Binti yetu alipotupigia simu kutoka Japani kutuarifu kwamba amepata mchumba, nilimuuliza maswali matatu: kijana ni nani, anafanya kazi gani, na baba yake atafika kwetu lini. Mawili ya kwanza aliyajibu bila shida. Kijana alikuwa mhandisi wa madaraja, mpole, asiyevuta sigara. Kwa la tatu alisitasita.

"Atakuja Oktoba, baba."

"Sasa hivi ni Machi. Ni mgonjwa?"

"Hapana. Anangoja msimu uishe."

"Msimu wa kuvuna nini?"

"Msimu wa besiboli."

Nilimgeukia mke wangu, aliyekuwa ameketi kando yangu akisikiliza, nikamuuliza kama naye amesikia besiboli.

Katika ukoo wetu hapa Tetu, uchumba hauhesabiwi mpaka baba wa kijana aje mwenyewe na kupanda tawi katika boma la wazazi wa msichana. Tawi hilo tunaliita ithigi. Likishasimama, kila apitaye hujua kwamba msichana wa nyumba hiyo ameposwa. Kabla ya hapo, yule kijana ni rafiki tu. Nimeshuhudia shughuli hiyo ikiahirishwa kwa sababu ya msiba, kwa sababu ya daraja lililosombwa na maji, na mara moja kwa sababu ya uchaguzi. Sikuwa nimeshuhudia ikiahirishwa kwa sababu watu wazima walikuwa wanapiga mpira kwa rungu.

Nilimpa binti yangu masharti yangu waziwazi. Siku itakuwa Jumamosi ya pili ya Oktoba, nayo haitasogezwa. Mzee huyo asipofika siku hiyo, nitakuwa nimejua anamweka binti yangu nafasi ya ngapi, na tawi lake hatalipanda kwangu. Binti yangu alijibu, "Sawa, baba," kwa sauti ya mtu anayelia akijaribu kutosikika.

Mke wangu alinipakulia chakula kilichopoa siku mbili.

Habari ilifika upesi kwa mwanyumba wangu, yaani mwanamume aliyemwoa dada ya mke wangu. Ni polisi mstaafu kutoka upande wa Busia, aliyefanya kazi Nyeri hadi akasahau kurudi kwao. Ana moyo mwema na hana hata chembe ya ushahidi.

"Mwalimu, hiyo game mimi naijua," alisema, akiwa bado mlangoni. "Iko kama rounders ya wasichana wa primary. Na Wajapani wakishindwa, kocha ananyolewa kichwa mbele ya watu."

"Umeona akinyolewa?"

"Kuna jamaa tulikuwa naye kituo cha Timau. Yeye alikuwa na cousin huko."

"Kwa hiyo aliyeona ni binamu wa mwenzako."

"Ati lazima nione kila kitu na macho yangu? Mimi sijaona Mungu na naenda kanisa."

Nilifundisha hisabati miaka thelathini na minne, kisha nikakagua shule kutoka Kianyaga hadi mpakani mwa Laikipia, na katika kazi hizo zote sikuwahi kuandika ripoti juu ya darasa ambalo sikuliingia. Niliamua kwamba nikimkataa mzee yule, nitamkataa baada ya kuuona kwa macho yangu mwenyewe mchezo uliomzuia. Nilimwomba binti yangu aunganishe televisheni yetu ili niweze kutazama timu ya baba mkwe wake. Aliunganisha kutoka huko huko, kwa njia ambayo sikuielewa na ambayo kwa hiyo siielezi.

Mechi zao huchezwa jioni, na jioni yao ni adhuhuri yetu. Basi kuanzia Aprili nilikula chakula cha mchana mbele ya watu waliovaa suruali nyeupe za kubana. Wiki mbili za kwanza sikuelewa lolote. Mrushaji anarusha, mpigaji anakosa, kila mtu anatema mate. Wiki ya tatu niligundua kwamba mrushaji hatupi tu. Anamdanganya mpigaji kwa utaratibu, kama mtungaji wa mtihani. Kuanzia siku hiyo nilianza kufika mbele ya televisheni kabla ya muda.

Kuna jambo moja lililonikera kupita yote. Mpigaji wa kutegemewa anaingia, mwenzake yuko kwenye kituo cha kwanza, uwanja mzima unaimba jina lake. Naye, badala ya kupiga, anaugusisha mpira kwenye rungu taratibu, unadondoka karibu na miguu yake, na yeye anatolewa ili mwenzake asogee kituo kimoja. Kisha anarudi kwenye benchi na kupongezwa. Nilimwambia mke wangu kwamba kama mwanafunzi wangu yeyote angeacha swali rahisi bila jibu ili jirani yake apate nusu alama, ningemwita mzazi wake.

"Lakini unatazama," alisema mke wangu.

"Nachunguza."

"Jana ulichunguza mpaka uji ukaganda."

Timu ya mkwe ilikuwa dhaifu. Ligi yao ina timu sita, na tatu za juu ndizo huendelea na mchujo mwishoni mwa msimu. Hadi Juni timu yetu ilikuwa ya mwisho. Nasema yetu kwa urahisi wa lugha. Nilifurahi, kwa kuwa hesabu ilikuwa wazi: timu ikishindwa kuingia tatu za juu, msimu utaisha mwanzoni mwa Oktoba na mzee atapanda ndege. Ikiingia, mchujo ungeanza Jumamosi ile ile niliyoweka. Binti yangu alinieleza kwamba mzee hakuwa amekosa mechi hata moja, ya msimu wala ya mchujo, tangu kifo cha mkewe, kwa sababu kiti alichokalia kilikuwa kando ya kile cha marehemu. Nilimwambia pole, lakini sikubadilisha siku.

Agosti timu ikaanza kushinda.

Sitaeleza hali yangu ya miezi ile kwa maneno mengi. Mchana niliomba ishindwe. Walipopiga mpira wa kuvuka ukuta, mikono yangu ilijipigia makofi yenyewe. Mwanyumba wangu alinikuta hivyo siku moja akasimama nyuma ya kiti.

"Mwalimu, wewe uko upande gani?"

"Wa ukweli."

"Na ukweli unavaa jezi ya buluu?"

Hatimaye kila kitu kikabaki kwenye mechi ya mwisho, Jumatano, siku tatu kabla ya Jumamosi yangu. Nilikaa na kalamu nikathibitisha: wakishinda wanakuwa wa tatu, wakishindwa wanabaki wa nne. Njia mbili tu. Mwezi wa tano binti yangu alikuwa ameniambia kwamba huko mechi inaweza kuisha sare. Nilimuuliza kama ameona. Alikiri kwamba ameambiwa tu na baba mkwe. Nilifungua ensaiklopidia yangu ya tangu enzi za chuo, nayo ilisema kwamba timu zikilingana, mchezo huendelea mpaka mshindi apatikane. Nililifunga suala hilo. Ni kweli kwamba jedwali la ligi lilikuwa na safu ya tatu baada ya ushindi na kushindwa, lakini niliikadiria kuwa safu ya mechi zilizoharibiwa na mvua. Na mechi zilipokuwa ndefu sikuziona mwisho, maana saa kumi alasiri ng'ombe wetu hukamuliwa na haongezi dakika.

Jumatano ile mahema yalikuwa yamekwisha agizwa, na mbuzi walikuwa wamefungwa nyuma ya jiko wakilia. Mke wangu alikuja kukaa nami, jambo ambalo hakuwa amefanya msimu mzima. Mwanyumba naye alifika. Raundi tisa zilikwisha timu zikiwa sawa, mbili kwa mbili. Ya kumi, sawa. Ya kumi na moja, sawa. Saa kumi ikagonga na ng'ombe akaanza kuita. Hakuna aliyeinuka.

Raundi ya kumi na mbili wapinzani walipiga kwanza, wakatolewa wote watatu. Kisha timu yetu ilipata mtu kituo cha kwanza. Akaingia mpigaji wao bora. Mimi nilikuwa nimesimama.

"Piga," nilisema.

"Akipiga wanashinda," mke wangu alisema polepole. "Wakishinda, Jumamosi hakuna mtu. Wewe mzee, unajua unamwambia apige?"

"Ninajua. Piga."

Akaugusisha. Mpira ukadondoka miguuni pake, akatolewa, na wawili waliomfuata hawakufika popote. Wachezaji wa pande zote mbili walijipanga, wakavua kofia, wakainamia mashabiki.

"Imeisha," alisema mwanyumba.

"Inaishaje bila mshindi? Wanasalimia watazamaji kabla ya raundi ya kumi na tatu."

Tulingoja. Watu wenye fagio wakaingia uwanjani.

"Wanafagia," alisema mke wangu.

"Wanautayarisha uwanja."

"Na hizo taa wanazozima?"

Nilikuwa naifungua tena ensaiklopidia simu ilipolia. Ilikuwa ya video, kutoka kwa binti yangu aliyekuwa uwanjani, viti vitupu nyuma yake.

"Baba, ni sare. Raundi kumi na mbili ndio mwisho wao."

"Kitabu kinasema vinginevyo."

"Baba, wachezaji wameshaenda nyumbani. Sare haihesabiwi kwenye wastani wa ushindi, kwa hiyo tumebaki wa nne. Msimu umekwisha." Alivuta pumzi. "Yuko hapa. Anaomba kuzungumza na wewe."

Akageuza simu. Nilimwona mzee mwembamba mwenye kofia ya buluu mapajani, macho mekundu, na kando yake kiti kilichowekwa maua madogo. Alisema maneno machache akainamisha kichwa.

"Anasema anaomba msamaha kwa kukungojesha," binti yangu alitafsiri. "Anasema Jumamosi atafika."

Hilo ndilo nililokuwa nimelidai tangu Machi. Nilifungua kinywa nimwambie karibu.

"Muulize," nilisema, "kwa nini walimwacha yule agusishe mpira. Mtu wa namna ile, raundi ya mwisho, ni wa kupiga."

Mke wangu alifunika uso kwa kanga. Binti yangu alitafsiri. Mzee aliinua kichwa, akanitazama, kisha akaanza kusema kwa haraka na kwa mikono yote miwili.

"Anasema amewaambia hivyo watu wote wa safu hii ya viti," alisema binti yangu, akicheka sasa na kulia pamoja, "na hakuna aliyemsikiliza."

Alifika Jumamosi saa nne, akiwa na mwanawe na binti yetu kama mkalimani. Alikunywa uji kama mtu wa kwetu. Tuliketi viti viwili vilivyokaribiana, na baada ya muda msemaji wa ukoo wetu, ambaye ni kaka yangu mkubwa na hana subira, alikuja na tawi mkononi. Wazee walikuwa wamesimama, alisema, shimo lilikuwa tayari, na mvua ilikuwa inashuka kutoka mlimani. Tungeweza kuanza?

Nilimwomba dakika tano zaidi, kwa sababu mkwe wangu alikuwa bado hajamaliza kunieleza makosa ya kocha ya mwezi wa Juni.