Mkono wa Kushoto wa Edina

Kwa miaka kumi na saba Edina alikagua mahindi kwenye ghala moja la Kibaigwa. Alichoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, punje zikamteremkia kiganjani. Akazifumba kidogo, kisha akatamka: "Makavu." Au: "Yarudi juani." Kipima unyevu kilitolewa kabatini pale tu mwenye mzigo alipobisha, na mara nyingi kilikubaliana naye.

Kisha kiharusi kikamlaza, miezi kumi na mmoja ikapita. Mguu ulirudi, ulimi ukarudi. Mkono wa kulia ulirudi nusu: ulishika kikombe, lakini haukujua kama chai ni ya moto.

"Mkono huo ulikuwa unajua nini hasa?" aliuliza Kefa, mtaalamu wa kuwarejesha wagonjwa kazini, hospitalini Dodoma.

Edina akakigeuza kiganja, akakitazama. Hakuwahi kujiuliza. Ni ubaridi? Ni uzito? Ni mlio?

"Njoo na mahindi Alhamisi," Kefa akasema. "Tuuchunguze."

Wakauchunguza wiki baada ya wiki. Punje bichi, waligundua, zina ubaridi wa mbali na huteleza kivivu. Kavu hukimbiliana na kulia. Mkono wa kushoto mwanzoni ulikuwa kama mgeni jikoni, hajui chumvi inakaa wapi. Nyumbani mumewe, Thobias, alimfunga kitambaa machoni na kumpangia mabakuli sita.

"Hili?"

"Bichi."

"Na hili?"

"Kavu. Na umechanganya na ya kuku, Thobias!"

Athuman, msimamizi wa ghala, alisoma barua ya Kefa na kukubali: nusu siku, kigoda cha kukalia, magunia machache. Ila kwanza magunia matano ya majaribio, kipima unyevu kikimhakiki. Akikosea mawili, atahamia getini kuandika namba za malori.

"Si kwa ubaya, dada Edina. Nikipokea bichi, ghala zima litaota ukungu."

Asubuhi ya majaribio wa kwanza alikuwa Mzee Yotham, mkulima aliyekuja na mzigo wake mwenyewe. Hakungoja bambo. Alifungua gunia, akachota konzi na kumnyooshea.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Haya, pokea."

Edina akapokea, akafumba kiganja. Punje zilikaa kimya.

"Makavu," akasema.

Mashine ikasema unyevu ni asilimia kumi na sita. Mwisho wa kupokelewa ni kumi na tatu na nusu. Athuman akaandika kosa la kwanza.

Edina akautazama mkono wake. Ulikuwa wa kulia. Mzee amenyoosha kitu, naye akakinga kama alivyolelewa. Adabu ilitangulia kabla hajawaza.

Mzee akafungua gunia la pili, akachota tena.

"Babu, naomba radhi. Leo nitapokea kwa kushoto."

Wapakiaji wakageuka. Mzee akarudisha konzi nyuma. "Chakula changu, kwa kushoto? Wa kulia umekwenda wapi?"

"Uliugua, babu. Haujamaliza likizo."

Mzee akamtazama, akautazama ule mkono uliolala pajani. Kisha akazimimina punje kwenye kiganja chake mwenyewe cha kushoto.

"Basi na wangu upumzike. Shika."

"Mzee leo kasahau mila!" mpakiaji mmoja akamtania.

"Kimya wewe, tuna kazi hapa," Mzee akamjibu.

Punje zikashuka, kushoto kwa kushoto. Ubaridi wa mbali. Mteremko wa kivivu. Mzee alikuwa akimwangalia usoni kama anayengoja jina la mjukuu, na Edina akatamani sana kukosea.

"Bichi, babu. Siku tatu za jua."

Mashine: kumi na tano na nusu.

"Nimekuvunjia mila yangu, nawe unanirudishia mzigo!" Mzee akafoka, ila mdomo ulimcheza. Akaenda kutafuta turubai.

Matatu yaliyobaki Edina hakukosea.

"Kesho saa mbili," Athuman akasema, akikirudisha kipima unyevu kabatini.

Saa sita, akielekea nyumbani, Edina aliipita turubai ya Mzee, mahindi yametandazwa juani. Akainama, akauzamisha mkono wa kulia humo hadi kwenye kifundo. Akafumba macho. Kulikuwa na kitu, au hakukuwa? Akausogeza kidogo upande wa jua, akangoja.

"Vipi, yamekauka?" Mzee akauliza.

"Bado sijui, babu. Niache kidogo nisikilize."