Farasi wangu alivyokataa safari ya Gairo, na nilichokikuta ndani ya tandiko

Wakuu, salaam kwenu wote, na wakubwa zangu shikamooni.

Haya yalinikuta mimi mwenyewe, hapa hapa Morogoro, Mdachi akiwa ndiye serikali. Sina sababu ya kuwapikia chai. Mwenye haraka apite, ila uzi wenyewe si mrefu.

Kwanza mnijue. Mimi ni mchuuzi wa nguo na chumvi. Nakaa mjini, lakini kwetu ni Mkuyuni, na mama yangu yuko huko mpaka leo.

Mguu wangu wa kushoto hauna vidole. Funza walivila enzi zile wadudu hao ni wageni huku, hatujajua kuwatoa mapema kwa sindano.

Kutembea natembea. Tatizo, mchuuzi wa mwendo wangu anafika gulioni wenzake wanafunga mizigo. Riziki ilikuwa inakatika hivi hivi naiona.

Ndipo Mdachi mmoja mwenye shamba la mkonge akawa anarudi kwao, anauza kila kitu. Watu wakagombania vitanda na masufuria. Farasi hakuna aliyemtaka, maana kila mtu huku anajua farasi hadumu, mbung'o watammaliza.

Nikamchukua mimi, na tandiko lake.

Dume, rangi ya kahawia, mpole ajabu. Nilijifunzia kumpanda uani kwangu. Nilianguka kwa ujinga wangu mwenyewe, na yeye anasimama pale pale kunisubiri.

(Kuna waliosema najifanya bwana mkubwa. Jamani, mtu mwenye mguu mmoja mbovu akipata minne mizima, mwacheni.)

Basi nikampanda hadi Mkuyuni kumwonyesha mama. Kijiji kizima kilitoka kutazama. Mama alimzunguka farasi bila kumgusa, kisha akaniuliza, "Huyu anaweza kufika wapi?"

Nami kwa majivuno, "Mama, huyu hata Gairo ananifikisha. Kule karanga na mahindi tele, nguo hawana."

Akageuka, akaingia ndani.

Ilikuwa Ijumaa. Nikaenda kuswali, tandiko nikaliacha ndani kwake. Niliporudi nikala, nikatandika, nikaaga.

Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Nilipokaa tu, farasi akalaza masikio, akakunja mgongo, akanimwaga chini mbele ya umati. Nikasema labda watoto wamemtisha. Nikapanda tena, akanimwaga tena. Nikamkokota kwa kamba hadi mjini, kwa mguu wangu huu huu.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo tabia. Ukimwongoza kwa kamba, kondoo. Ukimpanda, shetani. Ninapita njiani nachechemea mbele, farasi mzima ananifuata nyuma, na watu wana macho.

Jirani yangu Masudi ni Mnyamwezi, kwa hiyo mtani wangu. Huyo ndiye hakunipa nafasi ya kupumua.

"Mtani, nyie Waluguru kazi yenu kupanda milima. Nani kawaambia mpande na wanyama? Mwache amfuate bwana wake Ulaya!"

Nilicheka. Moyoni niliumia, maana nguo zimejaa ndani, magulio yanapita, na mimi nimekaa barazani.

Ushauri ulikuwa mwingi. Wengine wakasema ana jini la Kizungu, asomewe. Wengine, Mdachi kaniuzia mnyama mbovu kwa makusudi. Mmoja akasema nimtie fimbo mpaka ajue bwana ni nani. Fimbo nilikata nikaijaribu, akazidi.

Nikakata tamaa. Alikuwepo mtu tayari kumchukua akavute mkokoteni. Nikasema haya, kabla hajaja nimwogeshe mnyama apendeze.

Nikampeleka mtoni. Baada ya kumwogesha, mguu ulikuwa umeniuma kwa mawe ya mtoni, nikajikuta nimepanda juu ya mgongo mtupu, bado una maji, bila kufikiri.

Akatulia tuli.

Tukaenda hadi nyumbani. Nikamkimbiza kidogo, akakimbia vizuri kabisa. Nikashuka nikiwa nimeelewa jambo moja: farasi hanikatai mimi, anakataa tandiko.

Nikampapasa mgongo. Kulikuwa na mahali pamevimba, manyoya yamenyonyoka, kidonda kinaanza. Nikapapasa mto wa tandiko upande wa chini, nikakuta kitu kigumu katikati ya manyoya yaliyojazwa. Mtu asipokaa juu, hakina neno. Akikaa, kinazama mgongoni.

Nikafumua mshono. Ilikuwa hirizi, ya ngozi, ngumu kama kokwa, imeviringishwa kipande cha kaniki. Kaniki ile naijua, ni ya mama yangu.

Nilikasirika, sifichi. Ila nikajisemea, mama ameogopa husuda, watu walimtolea macho sana farasi. Nikashona mto upya, nikangoja kidonda kipone, nikampanda hadi Mkuyuni. Njia nzima hakunisumbua.

Nilimkuta mama anapukuchua mahindi. Nikampa shikamoo yake, nikaiweka hirizi kwenye ungo mbele yake.

"Mama, hii imemtoboa farasi mgongo. Kama ni ya husuda, ungenipa niivae mimi."

Akaitazama. "Si ya husuda."

"Ni ya nini?"

"Ya kukuzuia. Niliposikia umenunua farasi, nilimwambia mwalimu wa Kurani aniandikie, mnyama huyu asimpeleke mwanangu mbali."

Wakuu, nilikaa chini.

Nilikuwa na kaka. Wakati wa vita vya Maji Maji askari walipita kutafuta wapagazi. Mimi waliniangalia mguu wakaniacha. Yeye alikuwa mzima, wakamchukua. Akaelekea kusini na mzigo wa askari kichwani. Hakurudi, na hakuna aliyetuonyesha kaburi.

Mama akaendelea kupukuchua, hanitazami.

"Funza walipokula vidole vyako nililia. Walipomchukua kaka yako, nikawashukuru funza. Sasa wewe umekwenda kununua miguu."

Sitawadanganya kwamba nilitoa neno la hekima. Nilichukua hindi nikaanza kumsaidia. Tulipukuchua mpaka ungo ukajaa.

Mwisho nikamwambia, "Gairo nitakwenda, mama. Nisipokwenda sitakula. Ila nitakutajia siku ya kurudi, na siku hiyo nitapita hapa kabla ya kwangu."

"Na kaka yako alinitajia siku."

Akaichukua ile hirizi, akaitia uzi, akanifunga mkononi mwenyewe. "Kama haikukuzuia, ikurudishe."

Nilikwenda Gairo. Nguo ziliisha zote. Farasi hakunitupa hata mara moja.

Siku niliyotaja, sikumkuta mama nyumbani. Nilimkuta barabarani, mbali na nyumba. Majirani walisema yuko pale tangu asubuhi. Mimi hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja kwa farasi, akaingiza mkono chini ya tandiko, akapapasa mgongo wote polepole.

Akamwambia, "Ahsante, baba." Kisha akatangulia nyumbani kupika.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Mnyama akibadilika ghafla, vua tandiko kabla hujakata fimbo. Na ukiona mzazi anakuwekea kikwazo, muulize anaogopa nini. Mimi nilidhani najua.

Farasi bado yupo, mbung'o hawajampata. Wenye uzoefu na hawa wanyama karibuni mchangie, na wenye kucheka kama Masudi mcheke tu, nimezoea. Ila kwanza mnisaidie hili: pale palipokuwa na kidonda manyoya yameota meupe. Yatarudi rangi yake, au ndiyo basi? Mama ananiuliza kila nikipita, na sijui nimwambie nini.