Gari Lisilo na King'ora

Kituo chetu cha zimamoto kiko nje kidogo ya Brussels, ng'ambo ya mpaka ambao huuoni, ila unashtukia tu mabango ya barabarani yamebadilika lugha. Mimi nakaa upande wa ndani, karibu na mwisho wa njia ya tramu, juu ya nyumba ya mama mmoja wa Bukavu. Kutoka mlangoni kwangu hadi kituoni ni mwendo mfupi wa gari, na ndiyo maana walinikubali. Jiji lenyewe lina kikosi cha watu walioajiriwa. Miji midogo inayolizunguka hutegemea watu kama sisi: mwoka mikate, fundi wa baiskeli, mwalimu wa michezo, na mimi, mzaliwa wa Tanga ninayelea watoto wadogo katika shule ya chekechea huko Etterbeek.

Nilipomwambia mume wangu kwamba nataka kujiunga, aliweka kijiko chini akanitazama.

"Wewe unayevuka barabara ukiona mbwa?"

"Moto si mbwa," nikamjibu.

Hakucheka sana, kwa kuwa alijua jambo hilo limetoka wapi. Mwaka wetu wa kwanza, tulipokuwa tunapanga chumba Schaerbeek, nyumba ya chini yetu iliwaka moto, na mtu aliyenishusha kwa ngazi, mkono wake umenishika kiuno kwa nguvu, alikuwa mwanamke. Alipovua kofia yake ngumu barabarani nilimwona amesuka nywele kama msichana wa shule. Nilikaa na picha hiyo miaka mingi. Siku nilipoona tangazo kwenye dirisha la duka la mikate kwamba kituo kinatafuta watu wa kujitolea, niliingia kuuliza kabla sijanunua mkate.

Mafunzo yalikuwa magumu, hasa kwa sababu ya Kiholanzi, maana kituo kiko upande wa wanaokizungumza. Nilijifunza majina ya bomba na vali kabla sijajua kuagiza chakula hotelini. Mwisho wake nikapewa nguo, kabati lenye namba, na kidude kidogo cha kuning'iniza kiunoni tunachokiita bipu. Bipu ikilia, unaacha ulichoshika, unaingia kwenye gari lako na kwenda kituoni. Huko ndiko unakovaa na kupanda gari kubwa.

Watu wengi hudhani kwamba kuanzia hapo barabara ni yako. Sivyo. Gari lako ni gari lako tu. Halina taa ya buluu wala king'ora. Taa nyekundu ikiwaka unasimama. Bibi akivuka na mbwa wake, unamngoja bibi na mbwa. Unakaa nyuma ya trekta lililobeba viazi, na unajua kwamba mahali fulani kuna nyumba inaungua.

Jambo hilo lilikuwa likitugombanisha. Katika mkutano mmoja fundi wa baiskeli alitoa mfukoni taa ya buluu yenye sumaku, aliyoinunua mtandaoni, akaiweka mezani kati ya vikombe vya kahawa.

"Naibandika juu ya gari, nazima nikifika," alisema. "Nani ataumia?"

Mkuu wa kituo, mtu mrefu anayefundisha hesabu sekondari, aliisogeza ile taa pembeni kwa kidole kimoja. "Gari kubwa lina uzito, linaonekana kutoka mbali, na dereva wake amefunzwa kuliendesha hivyo. Wewe uko peke yako kwenye gari la mkeo, moyo unakwenda mbio, na hata viatu hujafunga kamba. Sitaki kwenda kuokoa mtu njiani uliyemgonga wewe."

"Na mtu akifia kwenye moshi kwa sababu mimi nilisimama kwenye taa nyekundu?"

Moyoni nilikuwa upande wa fundi. Baada ya mkutano aliniambia anaweza kuniagizia taa kama ile, nikamshukuru na kukataa. Sikukataa kwa ajili ya maneno ya mkuu. Nilijiona mimi, mwanamke mweusi kwenye gari kuukuu lenye taa ya buluu, nikijaribu kumweleza askari wa barabarani kwamba ni zimamoto kweli.

Basi ikaja Jumamosi ile. Mama wa Bukavu alikuwa na harusi ya binti wa dada yake, katika ukumbi ulioko upande wa kituo chetu, nami nilikuwa nimeahidi kumpeleka. Alishuka ngazi akiwa amevaa kitenge cha kijani chenye ndege wa dhahabu, na kilemba kirefu hata ikabidi kiti kilazwe nyuma ili kienee. Alikuwa na sufuria ya pondu, kisamvu cha kwao, mapajani, imefungwa kwa taulo. Nilimwambia niko zamu na bipu imewashwa siku hiyo, lakini mchana wa Jumamosi huwa kimya.

Hatukufika mbali. Barabara inayokwenda sambamba na reli za tramu ilikuwa imejaa, kwa sababu barabara nyingine ilifungwa kwa mbio za baiskeli. Magari yalisogea kidogo, yakasimama, yakasogea tena. Hapo ndipo bipu ilipolia.

Nilisoma maandishi yake: moto wa nyumba, huenda kuna mtu ndani.

"Ile kengele ni ya nini?" mama akauliza.

"Ni kituoni, maman. Nyumba inaungua."

"Bon. Sasa unangoya nini?"

Nilimwonyesha magari mbele yetu kwa mkono. Simu ikatoa ujumbe: mwoka mikate alikuwa amefika, wengine watatu pamoja naye, mmoja yuko njiani. Gari kubwa linahitaji watu sita. Wa sita nilikuwa mimi.

"Unaweka ile mulio, basi," mama alisema. "Ya polisi."

"Sina, maman. Haturuhusiwi."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia daktari haruhusiwi kushika mgonjwa. Kisha akaiweka sufuria sakafuni, akafungua mlango, na kabla sijamshika kitenge alikuwa ameshuka.

"Maman, unaenda wapi?"

"Mi nakuwa mulio yako," alisema, akafunga mlango.

Nilimwona akitembea mbele ya gari, kilemba chake kikipita juu ya mapaa ya magari. Aligonga dirisha la kwanza kwa pete yake. Dereva, kijana mwenye miwani ya jua, alishusha kioo nusu. Sikusikia maneno yote, lakini nilisikia "pardon, monsieur" na "pompier", yaani zimamoto, na nikaona mkono wa mama ukininyooshea kidole. Kijana aligeuka akaniona. Nilishika bipu nikaiinua juu, sijui kwa nini, kama mtu anayeonyesha tiketi. Akapanda ukingo wa barabara kwa magurudumu mawili.

Nikasogea. Mama alikuwa ameshafika gari la pili, la tatu. Mwanamke mmoja alibisha. Alitikisa kichwa, akaonyesha foleni kama kusema sote tuna haraka. Mama hakugombana naye. Aliinama dirishani na kumwambia jambo kwa sauti ya chini. Yule mwanamke akakunja usukani. Baadaye nilimuuliza mama alimwambia nini. "Nilimwambia, na kama mule ndani ya moto eko mama yake?" alisema.

Kisha mwanamume mmoja aliyekuwa na baiskeli ya kubebea watoto, watoto wake wawili wamekaa mbele kwenye sanduku, akaelewa kinachoendelea. Alipanda na kutangulia kwenye kijia cha baiskeli, akipunga mkono na kuwapigia madereva kelele kwa Kiholanzi. Mama akawa anashughulikia upande mmoja, yeye upande wa pili. Nilikuwa nyuma yao nikienda mwendo wa mtu anayetembea, lakini nilikuwa nikienda. Magari yalipanda kando moja baada ya jingine. Wengine walitoa kichwa nje kutazama, na mzee mmoja alinipigia saluti.

Penye makutano tramu ilikuwa imefika na ilikuwa na haki ya kupita. Nilisimama. Dereva wake alitazama huo msafara: mama mwenye kitenge cha ndege wa dhahabu, baba mwenye baiskeli, na mimi. Mama alimwinulia viganja viwili, vimeungana. Dereva hakuiondoa tramu. Alipiga kengele yake mfululizo ili magari ya upande ule mwingine yasitokeze, akanipa ishara nipite.

Baada ya makutano barabara ilikuwa wazi. Mama aliingia akihema, akajifuta shingo kwa ncha ya kilemba.

"Alors, endesha," alisema. "Lakini usikimbie sana. Pondu itamwagika."

Nilipofika kituoni gari kubwa lilikuwa limekwisha kuwashwa, milango imefunguliwa. Nilivaa, nikapanda, nikamwacha mama amesimama uani na sufuria yake. King'ora kilipoanza kulia juu yetu nilijikuta nashangaa jinsi kila kitu kilivyojipanga kando bila mtu kuombwa.

Nyumba ilikuwa ya matofali mekundu, na moshi ulitoka jikoni na chini ya paa. Majirani walisema mzee anakaa peke yake na hawajamwona. Mimi na mwoka mikate tulifunga mitungi ya hewa, tukaingia kwa magoti. Ndani huoni hata glavu yako. Unapapasa ukuta, unasikiliza pumzi yako mwenyewe, na mwenzako anakushika mguu ili msipotezane. Jikoni hapakuwa na mtu. Tulipanda ngazi. Mlango wa bafu ulikuwa mzito kufungua, kwa sababu upande wa ndani taulo mbichi zilikuwa zimesukumwa chini yake. Mzee alikuwa amekaa kwenye beseni la kuogea, kitambaa mdomoni, dirisha dogo limefunguliwa, na kichwa chake kimeanza kulala begani.

Tulimfunika uso kwa barakoa ya akiba tukamwinua. Alifumbua macho akasema neno ambalo sikulielewa mpaka aliporudia. Alikuwa anataka viatu vyake. Hakupenda majirani wamwone pekupeku. Mwoka mikate alimwahidi kwamba tutavitafuta, tukamteremsha. Huko nje mwanamke wa nyumba ya pili alivua kandambili zake za bustanini na kumvisha, naye akapandishwa gari la wagonjwa akiwa ameketi, amevaa kandambili za rangi ya waridi.

Daktari wa ambulansi alimwambia mkuu wetu kwamba mzee atapona. Alisema pia kwamba kama mzee angekaa mle kitambo zaidi, yeye daktari angekuwa na habari nyingine ya kutuambia. Mkuu akatuamuru tukunje mipira ya maji.

Tuliporudi nilimkuta mama katika jiko la kituo. Alikuwa amekalia kiti cha mkuu, anakunywa kahawa na mlinda simu, na pondu ilikuwa imepungua.

"Amekufa?" aliniuliza.

"Hajafa, maman. Yuko hospitali, anaongea."

Alifumba macho kidogo. Kisha akanivuta, akaninusa nywele, akakunja uso. "Unanuka sawa makala ya jiko. Twende ivi ivi. Batatuelewa."

Tulifika ukumbini wakati keki ilikuwa imekwisha kukatwa. Alisimulia yote mlangoni, kwa dada yake, halafu mezani, halafu kwa mpiga muziki, na kila mara foleni ilizidi kuwa ndefu. Wakwe waliniletea sahani iliyojaa, nikala nikiwa bado na mstari mweusi wa barakoa usoni.

Wiki iliyofuata fundi wa baiskeli alileta tena hoja yake mkutanini. Safari hii mkuu aliniomba niseme jinsi nilivyofika. Nilieleza kama ilivyokuwa. Watu walicheka kwenye sehemu ya kilemba. Fundi alisema, "Lakini si kila mtu ana jirani kama huyo," na alisema kweli. Mkuu alikubaliana naye. Walibishana kwa muda mrefu, bila hasira. Taa za buluu hazikuruhusiwa. Kilichopatikana ni kibao cheupe cha kuweka nyuma ya kioo, chenye neno la zimamoto kwa Kiholanzi na Kifaransa. Hakikupi haki yoyote barabarani. Ni ombi tu, na mwenye kukiona ana hiari ya kukupisha au kutokupisha. Tuliandika pia katika gazeti la mtaa na kubandika picha yake kwenye tramu, ili watu wakijue.

Wengi hunipisha. Si wote. Nikiwa nyuma ya mtu asiyetaka kusogea, nangoja, na bado nasimama kwenye taa nyekundu. Fundi naye ana kibao chake, na huwa ananitania kwamba changu kinafanya kazi vizuri zaidi kwa sababu madereva wanamtafuta mama.

Mwanzoni mwa masika kituo kilifungua milango kwa watu wapya. Miongoni mwao alikuja mwanamke wa Bujumbura, amevaa hijabu nyeusi iliyobanwa vizuri, muuguzi msaidizi katika nyumba ya wazee. Alikuwa ameisikia habari kwenye harusi nyingine, huko Schaerbeek, na ameamua kuhamia karibu ili aweze kuwahi kituoni. Alipogundua naongea Kiswahili alinivuta pembeni.

"Dada, hii hijabu yangu itaingia ndani ya casque?"

"Kuna kitambaa cha kuzuia moto tunachovaa sote chini ya kofia," nilimwambia. "Kinafunika nywele na shingo. Wewe umeshazoea, sisi ndio tuliolalamika joto."

Alicheka, mabega yakamshuka. Nilimtafutia glavu zinazomtosha, nikamfungulia mlango wa gari kubwa, na tukaanza na mpira wa maji: jinsi ya kuubeba begani, jinsi ya kuurusha ujifungue wenyewe. Mara ya kwanza ulimwangukia miguuni kama tambi. Akauokota, akaukunja upya bila kuambiwa, na kuurusha tena uani.