Udi kwa Farasi wa Mjomba

Jirani yangu mpya hapa Irving, Texas, amechoma udi, na mimi nimesimama ngazini, funguo za gari mkononi, nanusa na kumkumbuka Mjomba.

Mjomba alitoka Lamu, alikokuwa akikimbiza punda wa mashindano, akaenda Arabuni kutunza farasi wa tajiri mmoja, na farasi hao ndio waliomfikisha Texas. Alipokuja kukaa nasi Houston, alikuwa akifundisha farasi jike mmoja tu, mwekundu, mwoga wa kelele. Hawakuwahi kushinda mbio hata mara moja. Mwishowe mwenye farasi akamwambia kwamba wakishindwa tena Jumamosi, farasi atapewa mwalimu mwingine.

Jumamosi hiyo Mama alikuja bandani na chetezo kinachofuka udi. Farasi alikuwa ameloa jasho, anapiga mlango mateke.

"Dada, huyu ni farasi, si bi harusi."

"Ana woga wa bi harusi. Wewe mshike."

Akamfukiza kutoka shingoni mpaka mkiani. Mtunzaji wa banda la jirani akauliza kama tunachoma nyama. Farasi akainamisha kichwa, akavuta pumzi ndefu, akaenda uwanjani ametulia, ananukia.

Alishinda kwa urefu wa shingo. Mama alipiga vigelegele mpaka mpanda farasi akageuka kututazama, na Mjomba akalia hadharani bila kujifuta.

Siku Mjomba aliyorudi kwao Lamu kabisa, bibi wa kaunta ya ndege alimuuliza hapa alikuwa akifanya kazi gani.

"Nashindisha farasi," akajibu, akapandisha sanduku lake kwenye mizani.